Mbuzi Wasiougua: Niliyojifunza Katika Epidemiolojia ya Mifugo

Kazi yangu ya kwanza baada ya kupata stashahada ya afya ya mifugo ilikuwa ya afisa mifugo wa kata katika nyanda kavu za Tanzania ya kati, ambako wafugaji walituita bwana mifugo na ambako bidii ya mtumishi ilipimwa kwa idadi ya sindano alizochoma. Chuoni nilikuwa nimefundishwa vizuri kumtazama mnyama mmoja: kumpima joto, kumpapasa tezi, kumsikiliza mapafu, kukagua rangi ya utando wa macho, kisha kuamua kama ni ndigana kali, homa ya mapafu au chambavu. Ujuzi huo sijauacha wala siudharau. Hata hivyo, kazi ilinionyesha kwamba yako maswali ambayo mnyama mmoja, hata achunguzwe kwa makini namna gani, hawezi kuyajibu: kwa nini ugonjwa umeingia boma hili na kuliruka lile, kwa nini umekuja mwaka huu na si mwaka jana, na kwa nini katika zizi moja wengine wamekufa ilhali wenzao, waliokula majani yale yale na kunywa maji ya lambo lile lile, wanacheua bila shida yoyote. Taaluma inayoyashughulikia maswali hayo ni epidemiolojia ya mifugo, na jambo ninalotaka kulieleza hapa ni kwamba sehemu kubwa ya majibu yake hupatikana kwa wanyama wasiougua.

Niliielewa taaluma hiyo wakati wa mlipuko wa mbuzi. Wafugaji walikuja ofisini wakisema mbuzi wao wanatoka makamasi mazito, macho yamegandamana kwa matongotongo, midomo ina vidonda, wanakohoa na kuharisha, na kwamba baada ya siku chache wanalala wasiinuke. Wakati huo sotoka ya mbuzi na kondoo ilikuwa imekwisha kuthibitishwa nchini, kwani ilitambuliwa rasmi mwaka 2008 katika wilaya za kaskazini, kwa hiyo kila mtu alikuwa akiishuku. Kutoka mkoani aliletwa daktari wa mifugo, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, nami nikampeleka moja kwa moja kwenye boma lililokuwa na mizoga mingi zaidi, nikidhani hilo ndilo atakalotaka kuliona. Alichukua sampuli zake, akampa pole mwenye mifugo, kisha akamuuliza, "Mzee wangu, hapa kwako wanalala mbuzi wangapi kwa jumla, wazima na wagonjwa?" Jioni ile ile akataka tumpeleke kwenye maboma ambayo hayakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Kabla ya hapo, lakini, alikuwa ameketi chini ya mti na daftari lake akaandika maelezo ya nani ahesabiwe kuwa mgonjwa: mbuzi au kondoo yeyote wa kata hii ambaye, tangu mnada wa mwezi uliopita, ameonekana na makamasi au matongotongo pamoja na kuhara au vidonda vya mdomoni, ama amekufa baada ya dalili hizo. Nilishangaa kuona muda wote ule ukitumika kwa sentensi moja. Tulipoanza kuhesabu ndipo nilipoona kazi yake, maana kila mfugaji alikuwa na mbuzi aliyekufa kwa sababu fulani: huyu kwa minyoo, huyu kwa kung'atwa na mbwa, huyu kwa njaa ya kiangazi kirefu. Pasipo maelezo yanayofanana kwa kila boma, jumla tunayoipata huwa ni mchanganyiko wa vifo visivyohusiana, na mlipuko huonekana mkubwa pale ambapo watu wanalalamika zaidi.

Kisha likaja suala la jumla ya wanyama walio hatarini. Tuchukue mfano. Kijiji kimoja kimepoteza mbuzi 40 na kijiji cha pili kimepoteza 15. Mtu yeyote anayepokea taarifa hiyo kwa simu atapeleka chanjo na gari kwenye kijiji cha kwanza. Lakini ikiwa kijiji cha kwanza kina mbuzi 2,000 na cha pili kina mbuzi 100 tu, basi cha kwanza kimepoteza asilimia 2 ya mbuzi wake na cha pili asilimia 15, na moto halisi unawaka katika kijiji cha pili. Hesabu hiyo ni ya darasa la tano, wala hakuna anayeshindwa kuigawanya. Kinachotushinda ni kuipata ile namba ya chini ya mgawanyo, kwa sababu hakuna anayetoa taarifa ya mbuzi wake wazima.

Na si rahisi kuipata. Wafugaji wengi hawapendi kutaja hesabu ya mifugo yao, wengine kwa kuogopa kodi au amri ya kupunguza mifugo, wengine kwa sababu wazee wao waliwaambia kwamba kuhesabu wanyama kwa sauti ni kuwaitia balaa. Yule mama hakubishana na yeyote kati yao. Alikuwa akiuliza ni mbuzi wangapi wanakamuliwa asubuhi, vitoto vingapi vinabaki nyumbani wakati mama zao wako malishoni, na madume ni mangapi, au alikuwa akisimama kimya karibu na mlango wa zizi jua likikaribia kuzama na kuhesabu wanavyoingia. Nimeitumia njia hiyo tangu wakati ule, na ninaiamini kuliko daftari la kijiji, ambalo kwa kawaida hunakiliwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Hapo hapo nilijifunza kutenganisha mambo mawili ambayo taarifa zetu za mwezi zilikuwa zikiyachanganya. Jambo la kwanza ni wagonjwa waliopo siku unapohesabu, wapya na wa zamani kwa pamoja. La pili ni wagonjwa wapya waliojitokeza katika kipindi maalumu, tuseme mwezi mmoja. Homa ya mapafu ya ng'ombe inaweza kudumu katika kundi kwa muda mrefu, mnyama akipungua uzito taratibu na kuendelea kuambukiza wengine, hivyo siku ya ukaguzi utawakuta wengi hata kama waliougua mwezi huo ni wachache. Kimeta ni kinyume chake: ng'ombe huanguka na kufa kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba ukienda kuhesabu wagonjwa waliosimama unaweza usimkute hata mmoja, ilhali wiki nzima watu wamekuwa wakizika mizoga, au, kwa bahati mbaya, wakigawana nyama. Anayetaka kujua mzigo wa ugonjwa sugu atatumia hesabu ya kwanza. Anayetaka kujua kasi na chanzo atatumia ya pili.

Baada ya maboma yenye wagonjwa na yasiyo na wagonjwa kuandikwa yote, tulianza kuyalinganisha. Kila mwenye boma aliulizwa maswali yale yale: amenunua mbuzi hivi karibuni au hapana, ananyweshea wapi, mbuzi wake huchanganyika na wa nani malishoni, amepokea mgeni mwenye mifugo au hajapokea. Sitatoa takwimu za kata ile, ila nitaonyesha namna ya hesabu kwa namba za kubuni. Tuseme maboma 20 yaliingiza mbuzi kutoka mnadani na 12 kati yake yakaugua, wakati maboma 40 hayakuingiza mbuzi yeyote na 4 tu yakaugua. Kundi la kwanza lina asilimia 60, la pili asilimia 10. Aliyeingiza mbuzi kutoka mnadani ana hatari mara 6 ya yule ambaye hakuingiza. Angalia kwamba pasipo yale maboma 36 ambayo hayakuingiza mbuzi wala hayakuugua, namba hiyo ya 6 isingepatikana. Tungebaki tukisema tu kwamba wengi wa wagonjwa wametoka kwa watu wanaokwenda mnadani, jambo ambalo lingeweza kuwa kweli hata kama mnada hauhusiki, kwa sababu karibu kila mfugaji huenda mnadani.

Yule mama hakuridhika hata baada ya hapo, na hilo ndilo lililonifanya nimheshimu zaidi. Alisema wanaonunua mbuzi mnadani ni wachuuzi na watu wenye makundi makubwa, na makundi makubwa hunywesha kwenye lambo kuu ambako mifugo ya vijiji vyote hukutana. Huenda basi lambo ndilo lenye hatia na mnada umesingiziwa. Dawa ya shaka hiyo ni kulinganisha makundi makubwa kwa makubwa na madogo kwa madogo, na waliotumia lambo kuu kwa waliotumia lambo kuu, ili kuona kama tofauti inabaki. Watu wengi wenye elimu huishia kwenye ulinganisho wa kwanza na kuandika pendekezo. Mimi naona kuishia hapo ni hatari, kwa kuwa pendekezo la kufunga mnada linaiondolea kata nzima fedha za ada ya shule na za unga.

Kwamba mnada unaweza kuusafirisha ugonjwa huu mbali kuliko miguu ya mbuzi, hilo limethibitika. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia kusini mwa Tanzania, katika wilaya ya Newala, kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, pembeni mwa Dar es Salaam, umbali wa mamia ya kilomita. Virusi havikuhitaji kupita kijiji kwa kijiji, vilipanda lori. Tangu nilipolielewa hilo, ninapochora ramani ya ugonjwa huchora na njia za biashara, kwa maana kijiji kilicho jirani kwa umbali si lazima kiwe jirani kwa maambukizi.

Nilipopata nafasi ya kuendelea na masomo nilifurahi kukuta kwamba njia ile ya kuuliza habari za wazima ndiyo iliyozaa mojawapo ya ugunduzi mkubwa wa tiba. Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, ng'ombe wa kusini wakipelekwa kaskazini walikuwa wazima kabisa, lakini ng'ombe wa kaskazini waliolishwa mahali walipopita walikufa kwa homa na mkojo mwekundu. Theobald Smith na F. L. Kilborne waliwaweka ng'ombe katika viunga tofauti: katika kimoja waliwachanganya ng'ombe wa kusini wenye kupe na ng'ombe wa kaskazini, katika kingine waliwatoa wale wa kusini kupe wote kwa mkono kabla ya kuwachanganya. Katika kiunga cha pili ng'ombe wa kaskazini hawakuugua. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1893, na kwa mara ya kwanza ikaonyeshwa wazi kwamba mdudu mwenye miguu ya kuunganika anaweza kubeba ugonjwa kutoka mnyama hadi mnyama. Mfugaji wa hapa kwetu anayepeleka ng'ombe joshoni kuwakinga na ndigana kali anafuata mantiki iliyoanzia kwenye viunga vile.

Kuhusu vipimo vya maabara nitasema kwa ufupi, ingawa hapa ndipo nimewaona viongozi wengi wakipotea. Hakuna kipimo kinachomtambua kila mgonjwa na kumwacha kila mzima. Tuseme tunapima ugonjwa wa kutupa mimba katika ng'ombe 1,000 kwa kipimo kinachowatambua wagonjwa 95 kati ya 100 na kuwaacha wazima 95 kati ya 100, jambo linalosikika kuwa zuri sana. Ikiwa walioambukizwa kweli ni asilimia 2, yaani ng'ombe 20, kipimo kitawakamata 19 kati yao, lakini pia kitawasingizia wazima 49 kati ya 980. Kati ya ng'ombe 68 watakaotajwa kuwa na ugonjwa, wenye ugonjwa kweli ni 19 tu, yaani chini ya theluthi moja. Kipimo hicho hicho, kikipelekwa mahali ambapo asilimia 30 ya ng'ombe wameambukizwa, kitawakamata wagonjwa 285 na kuwasingizia wazima 35, na hapo karibu tisa kati ya kumi ya majibu yake ni ya kweli. Kipimo hakikubadilika, kilichobadilika ni wingi wa wazima waliopimwa. Nimewahi kumwona mfugaji akiambiwa achinje ng'ombe wake wa maziwa kwa jibu la kipimo kimoja cha uchunguzi wa awali, pasipo kipimo cha pili cha kuthibitisha, katika eneo ambalo ugonjwa ni adimu. Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa akilisha familia ile, na sikuona haki katika uamuzi ule.

Kabla ya mlipuko ule wa mbuzi nilikuwa nimeshuhudia Homa ya Bonde la Ufa, nikiwa bado mgeni kazini, bila kuelewa vizuri nilichokuwa nikikiona. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya wanakondoo wengi kufa katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mbuga zinazojaa maji kwa msimu, mayai hayo huweza kubeba virusi na kukaa makavu kwa miaka, na mvua kubwa isiyo ya kawaida ikija mbuga hufurika, mbu huanguliwa kwa wingi, na wanyama huambukizwa. Mwishoni mwa mwaka 2006 bahari zilionyesha dalili za El Niño, na wanasayansi wa NASA, wakitumia picha za setilaiti za joto la bahari na ukijani wa ardhi, walitoa tahadhari kuhusu Afrika Mashariki wiki kadhaa kabla wagonjwa wa kwanza hawajatambuliwa huko Garissa mwezi Desemba. Mwanzoni mwa mwaka 2007 ugonjwa ulikuwa umefika Tanzania, na mkoa wa Dodoma ukawa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Nchini Kenya walikufa watu zaidi ya 150 na Tanzania zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wafugaji, wachinjaji na watu waliogusa damu au mimba zilizotoka.

Nilichokuwa nikikiona ni kondoo kutupa mimba karibu wote kwa wakati mmoja, na vitoto vya siku chache kufa kabla hata ya kupewa majina. Nilichokuwa sikioni ni mpangilio wake. Vijiji vilivyokuwa kwenye vilima vya mchanga vilikuwa na amani wakati vile vya ukingo wa mbuga vilikuwa na msiba, na ndani ya vijiji vya mbuga baadhi ya ng'ombe wazee walibaki wazima. Mlipuko mkubwa uliotangulia ulikuwa wa mwaka 1997 na 1998. Katika muda uliopita tangu wakati huo ng'ombe wengi waliopata kinga walikuwa wamechinjwa au kuuzwa, na mahali pao walikuwa wamezaliwa wengine ambao miili yao haikuwahi kukutana na virusi vile. Mvua peke yake, kwa hiyo, haitoshi kuleta mlipuko mkubwa. Zinahitajika mvua, mbuga na kizazi kipya kisicho na kinga, na mwenye kutaka kuutabiri anapaswa kuvijua vyote vitatu.

Manufaa ya maarifa hayo ni ya kivitendo kabisa. Chanjo dhidi ya ugonjwa huu inafaa itolewe kabla ya mvua kubwa, tahadhari ya hali ya hewa inapotoka, kwa kuwa mlipuko ukishaanza mchanjaji anayetumia sindano moja kwa wanyama wengi anaweza kuvihamisha virusi kutoka kwa aliyeambukizwa kwenda kwa mzima, na akawa yeye ndiye mbu. Wakati ule machinjio na minada ilifungwa katika maeneo mengi. Sisemi kwamba haikufaa, maana watu walikuwa wakifa. Lakini nilikaa na wachinjaji ambao hawakuwa na kazi nyingine, na naamini kwamba uamuzi unaochukuliwa mapema kwa kutumia taarifa sahihi huwaumiza watu wachache kuliko ule unaochukuliwa baada ya mazishi.

Sotoka ya ng'ombe ndiyo iliyonifundisha upande mgumu zaidi wa taaluma hii, yaani kuthibitisha kwamba ugonjwa haupo. Wazee wa Kimaasai huuita olodua, na simulizi za maangamizi ya miaka ya 1890, ng'ombe walipoteketea na watu wakafuata kwa njaa, bado zinasimuliwa. Chanjo iliyowezesha kuushinda ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Baadaye, kutokomeza masalio yake kulihitaji kuwasikiliza wafugaji, kwa sababu katika maeneo ya mipakani kati ya Kenya, Somalia na Ethiopia kulikuwa na aina ya virusi iliyoleta dalili nyepesi ambazo mtu asiyeishi na ng'ombe asingezitambua. Watafiti waliketi na wazee wakawaomba wataje magonjwa kwa majina yao wenyewe na kugawa mafungu ya kokoto kuonyesha lipi linaua zaidi, katika msimu gani na ng'ombe wa umri gani. Nimeitumia njia ya kokoto mara nyingi, na nasema kwa uhakika kwamba mafungu ya mzee aliyechunga miaka hamsini yana taarifa ambazo fomu zetu hazina nafasi ya kuziandika.

Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa duniani alipatikana mwaka 2001 miongoni mwa nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Meru, Kenya, na tangazo la kutokomezwa likatolewa mwaka 2011. Miaka kumi ya katikati ilitumika kuwachunguza wazima. Nchi zililazimika kuacha kuchanja, jambo lililowatia watu hofu kubwa, kwa sababu ng'ombe aliyechanjwa ana kingamwili, yaani protini za kinga zilizomo katika damu, sawa na aliyeugua akapona, na hivyo hawezi kutoa ushahidi wowote. Lakini ndama aliyezaliwa baada ya chanjo kusimamishwa, akikutwa na kingamwili ambazo hakuzirithi kwa mama yake, amekutana na virusi. Ndipo sampuli zilipochukuliwa kwa maelfu kutoka kwa wanyama wasio na dalili yoyote. Hesabu yake inapendeza: ukichagua kwa bahati nasibu wanyama wapatao 300 kutoka kundi kubwa, ukawapima kwa kipimo kizuri na usimpate hata mmoja, una uhakika wa asilimia 95 kwamba ugonjwa, kama upo, umewapata chini ya asilimia 1. Neno zito hapo ni bahati nasibu. Wanyama 300 wa karibu na barabara, waliochaguliwa kwa sababu gari lilifika kwao kwa urahisi, hawasemi chochote kuhusu wale wa ng'ambo ya korongo. Daftari langu la kwanza la kata, nilipolipitia baadaye, lilionyesha magonjwa mengi kando ya barabara kuu na utulivu mkubwa kule ambako pikipiki haikufika, na utulivu huo haukuwa wa kweli.

Mbwa nao wanatoa somo lile lile. Utafiti uliofanyika katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa kati ya mmoja na wawili, kiwango cha chini kikilinganishwa na magonjwa mengi ya kuambukiza. Mtu anaweza kufikiri basi kwamba kuchanja mbwa wachache kunatosha. Kwa hesabu ya siku moja ni kweli, lakini mbwa wa vijijini huishi maisha mafupi, waliochanjwa hufa na watoto wasio na kinga huzaliwa kila mwezi, kwa hiyo kinga ya kijiji huporomoka kabla kampeni inayofuata haijafika. Ndiyo maana lengo huwekwa kuwa asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, ili hata mwisho wa mwaka wanaobaki na kinga wawe wengi kiasi cha kuukatia ugonjwa njia. Kisiwani Pemba, baada ya kampeni za kuchanja, kichaa cha mbwa kilitoweka mwaka 2014, kikaingia tena mwaka 2016, na kwa juhudi mpya za kuchanja kikakomeshwa mwaka 2018. Nilipoanza kusimamia kampeni hizo katika eneo langu niliwaomba vijana wa kuchanja wasiniletee idadi ya mbwa waliochanjwa peke yake. Niliwapa mikanda ya kitambaa ya kuwavalisha waliochanjwa, na siku iliyofuata, asubuhi na mapema, wengine walipita mitaani kuhesabu wenye mikanda na wasio nayo. Namba zilitofautiana sana kati ya kitongoji na kitongoji, na kitongoji chenye asilimia ndogo kinaweza kuuhifadhi ugonjwa hata kama wastani wa kata unapendeza.

Sasa dunia imejiwekea lengo la kutokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo mwaka 2030, kwa mkakati uliopitishwa Abidjan mwaka 2015. Chanjo nzuri ipo, na mbuzi aliyechanjwa mara moja hupata kinga ya miaka mitatu au zaidi. Kinachotatiza ni kwamba mbuzi huzaa haraka na kuuzwa haraka, hivyo kundi lililochanjwa vizuri mwaka huu baada ya misimu michache huwa limejaa wageni na watoto, na kwamba hatujui kwa uhakika wako wangapi. Ninapowafundisha maafisa mifugo wapya huwapa fomu yenye safu ambazo ya kwangu ya zamani haikuwa nazo: wanyama wote waliopo bomani, waliozaliwa na walionunuliwa tangu mara ya mwisho, walikonunuliwa, na maboma yaliyotembelewa yakakutwa bila ugonjwa. Huwataka pia watume taarifa kila mwisho wa mwezi hata kama hakuna mgonjwa, wakiandika sifuri kwa mkono wao, kwa sababu karatasi isiyofika haina tofauti kati ya kijiji kizima na kijiji ambacho hakuna aliyekwenda. Mwanzoni walilalamika kwamba wanaandika sifuri zisizo na maana. Siku hizi, sifuri za vitongoji vingi hufika kwa wakati, na vile viwili vya mbali ambavyo taarifa zake huchelewa ndivyo ninavyovipangia safari kwanza.